Menno Simons: padri aliyekuwa mkimbizi kwa miaka 25, vitabu vyake vikabaki katika jamaa

Tarehe 31 mwezi wa kwanza mwaka wa 1561, katika kijiji kidogo cha Wüstenfelde, kaskazini mwa Ujerumani, mzee mmoja wa miaka 65 alikufa kwa ugonjwa. Alikuwa mlemavu, akitembea kwa gongo. Mke wake alikuwa amekwisha kumtangulia. Walimzika katika bustani ya nyumba yake mwenyewe.

Jina lake lilikuwa Menno Simons. Watu walishangaa kwamba amekufa kifo cha kawaida. Kwa miaka 25 wakubwa wa serikali walimtafuta ili wamuue. Watu waliomlaza nyumbani mwao waliuawa, na watu waliosambaza vitabu vyake waliuawa vilevile. Yeye mwenyewe hawakumkamata hata siku moja. Leo waamini zaidi ya milioni 2 duniani, pamoja na wengi katika Kasai na Kwilu hapa Congo, wanaitwa Wamennonite kwa jina lake.

Mtoto wa wakulima

Menno alizaliwa mwaka wa 1496 katika kijiji cha Witmarsum, jimbo la Friesland, kaskazini mwa Uholanzi. Ni inchi ya tambarare, yenye maji mengi na majani ya kulisha ng'ombe. Wazazi wake walikuwa wakulima. Baba yake aliitwa Simon, na ndiyo sababu yeye aliitwa Simons, maana yake mtoto wa Simon.

Wazazi walimtoa kwa kazi ya kanisa. Alijifunza Kilatini, na Kigiriki kidogo. Mwaka wa 1524, akiwa na miaka 28, alipewa upadri huko Utrecht, kisha akatumwa Pingjum, kijiji cha baba yake, karibu sana na Witmarsum. Alifanya kazi huko pamoja na mapadri wengine wawili.

Baadaye Menno aliandika bila kujificha namna walivyoishi. Waliongoza misa, walibatiza, walizika, na saa zilizobaki walicheza karata na kunywa pombe. Biblia hakuwa ameifungua hata mara moja. Alikiri kwamba aliogopa kuisoma, akifikiri itampoteza.

Swali juu ya mkate

Katika mwaka wake wa kwanza wa upadri, akiwa altareni, wazo moja lilimjia. Alijiuliza kama mkate na divai aliyoshika mikononi vilikuwa kweli mwili na damu ya Kristo. Alifikiri ni shetani anayemjaribu. Alitubu, akaomba, lakini swali halikuondoka.

Mwishowe aliamua kusoma Agano Jipya. Uamuzi huo mdogo ndio uliogeuza maisha yake yote. Wakati huo vitabu vya Martin Luther vilikuwa vinazunguka Ulaya yote, na Menno alivisoma pia. Aliona kwamba mafundisho aliyopewa juu ya mkate hayakuwa katika Maandiko namna alivyofundishwa. Hata hivi hakuacha kazi yake. Watu walimsifu kuwa mhubiri wa Biblia, naye alifurahia sifa hizo.

Mwaka wa 1531 habari nyingine ilimtikisa. Katika mji wa Leeuwarden, mshona nguo mmoja aliyeitwa Sicke Freerks alikatwa kichwa. Kosa lake lilikuwa kubatizwa mara ya pili. Menno hakuwa amesikia kamwe juu ya ubatizo wa pili. Alianza kutafuta katika Biblia mahali watoto wachanga wanapobatizwa, hakupaona. Aliuliza padri mkubwa wake, akasoma Luther, Bucer na Bullinger. Kila mmoja alitoa sababu yake, na sababu hizo hazikupatana.

Mwaka huohuo alihamishiwa Witmarsum, kijiji alichozaliwa. Ilikuwa ni kupanda cheo, na mshahara uliongezeka. Menno alikiri baadaye kwamba alienda huko kwa kutafuta faida na jina.

Damu ya Oldeklooster

Watu waliobatiza watu wazima waliitwa Waanabaptisti, maana yake wanaobatiza tena. Kundi hilo lilianza Zürich, Uswisi, mwaka wa 1525. Wengi wao walikuwa watu wa amani. Lakini mwaka wa 1534 kundi moja lilichukua kwa nguvu mji wa Münster, Ujerumani. Viongozi wake, Jan Matthijs na Jan van Leiden, walisema kwamba ufalme wa Mungu unaanzia pale, na kwamba ni halali kuuletea upanga. Jan van Leiden alijifanya mfalme na kuoa wake wengi. Mwaka wa 1535 mji ulianguka na watu wengi waliuawa.

Menno alihubiri na kuandika juu ya ubaya wa mafundisho hayo. Lakini mwezi wa nne mwaka wa 1535, msiba ulifika karibu na mlango wake. Waanabaptisti karibu 300, wenye silaha, waliingia katika monasteri ya Oldeklooster, karibu na mji wa Bolsward. Askari waliizunguka siku kadhaa, kisha wakaibomoa kwa mizinga. Wengi walikufa. Mmoja wa waliokufa aliitwa Peter Simons, na wengi wanaamini kwamba alikuwa ndugu yake Menno.

Damu ile ilimlemea sana. Alijiambia kwamba watu hawa walidanganywa, ndiyo, lakini walikubali kufa kwa ajili ya imani yao. Yeye aliyejua ukweli alikuwa anakaa kitako, anakula vizuri, na kuficha mdomo wake. Waliokuwa kama kondoo bila mchungaji walipotea kwa sababu wenye kuweza kuwaongoza walinyamaza.

Alianza kuhubiri wazi toba na ubatizo wa watu wazima. Baada ya miezi tisa hivi, alijua kwamba hawezi tena kubaki. Tarehe 30 mwezi wa kwanza mwaka wa 1536, kufuatana na hesabu inayojulikana zaidi, aliacha parokia, mshahara na nyumba, akaondoka.

Mkimbizi mwenye mke na watoto

Menno alijificha karibu mwaka mmoja, akisoma na kuandika. Kisha watu sita au nane wa kundi la amani walimfikia. Walikuwa hawataki mambo ya Münster na walihitaji mchungaji. Menno alisita. Alijua elimu yake ni ndogo na hatari ni kubwa. Lakini alikubali, na karibu na mwaka wa 1537 aliwekewa mikono na Obbe Philips kuwa mzee wa kanisa.

Wakati huo alioa mwanamke aliyeitwa Geertruydt. Walizaa watoto, na watoto hao walikulia njiani. Mwaka wa 1544 Menno aliandika kwamba katika inchi zote hakuweza kupata hata kibanda ambamo mke wake na watoto wake wangekaa mwaka mmoja, au hata nusu mwaka, bila hofu. Miaka kumi baadaye alilinganisha maisha yake na ya wachungaji wa serikali: wao wanalala kwenye mito laini, naye na jamaa yake wanajificha pembeni, wao wanaalikwa kwenye arusi, naye akisikia mbwa wanabweka anafikiri askari wamefika.

Waliompokea walilipa. Tarehe 8 mwezi wa kwanza mwaka wa 1539, mkulima mmoja wa Friesland, Tjaard Renicx, aliuawa huko Leeuwarden kwa sababu alimlaza Menno nyumbani mwake. Aliteswa ili aseme Menno yuko wapi, akakataa.

Mwaka wa 1542, Kaisari Charles wa Tano, aliyetawala Uholanzi wakati huo, alitoa amri kali. Kila atakayewezesha kukamatwa kwa Menno alipewa ahadi ya gulden 100, pesa nyingi sana kwa mtu wa kijiji. Wahalifu waliahidiwa msamaha kama wangemtoa. Ilikatazwa kumpa chakula au nyumba, na ilikatazwa kusoma vitabu vyake.

Katika jamaa za Wamennonite kuna hadithi moja ambayo wazee wanapenda kuwasimulia watoto. Wanasema siku moja Menno alikuwa anasafiri katika gari la farasi, naye akakaa mbele pamoja na dereva. Askari walisimamisha gari na kuuliza kama Menno yumo ndani. Menno akageuka, akauliza abiria waliokuwa ndani kama Menno yuko pamoja nao. Wakajibu kwamba hayuko. Menno akawapa askari jibu hilo, nao wakaondoka. Hakuna mtu anayeweza kuthibitisha kwamba jambo hilo lilitokea. Lakini kwa karne nyingi limewapa watoto swali zuri la kuzungumza: je, alisema uongo, au hapana?

Vitabu vilivyogharimu maisha

Menno hakuwa na kanisa la mawe wala masomo makubwa. Silaha yake ilikuwa kalamu. Mwaka wa 1539 na 1540 alitoa kitabu chake kinachojulikana kuliko vyote, juu ya msingi wa mafundisho ya Kikristo. Humo alieleza toba, imani, ubatizo, meza ya Bwana, na namna Mkristo anavyopaswa kuepuka kulipiza kisasi. Aliandika pia tafakari juu ya Zaburi ya 25, kitabu juu ya kuzaliwa upya, na kitabu cha kuwatia moyo wanaoteswa.

Kwenye kila kitabu aliweka andiko moja: barua ya kwanza kwa Wakorinto, sura ya 3, mstari wa 11, unaosema kwamba hakuna msingi mwingine isipokuwa Yesu Kristo. Aliandika kwa luga ya watu wa kawaida, si kwa Kilatini. Mkulima, mfumaji au mama wa nyumbani aliweza kusikia kitabu kikisomwa mezani na kukielewa. Hicho ndicho wakubwa walichoogopa. Mhubiri anaweza kufungwa, lakini kitabu kinaweza kulala chini ya unga na kutoka usiku.

Jan Claesz alijua hatari hiyo. Alipeleka maandishi ya Menno kwa mchapaji wa Antwerpen, akachapisha nakala 600. Nakala karibu 200 aliziuza katika Holland, nyingine akazituma Friesland. Alikamatwa, akauawa Amsterdam mwezi wa kwanza mwaka wa 1544, pamoja na mzee wa miaka 87, Lucas Lamberts, ambaye watu walimwita babu. Kabla ya kufa, Jan aliandikia mke wake na watoto wake barua. Aliwausia watoto wamtii mama yao, wajifunze kusoma na kuandika, na wamtafute Mungu tangu utoto.

Barua kama hizo zilikuwa nyingi. Akina mama na akina baba waliokuwa gerezani hawakuwa na mali ya kuachia watoto, kwa hiyo waliwaachia maneno. Jamaa zilizinakili kwa mkono, zikazitunza, zikazisoma jioni. Menno mwenyewe, karibu na mwaka wa 1557, aliandika kitabu kidogo juu ya malezi ya watoto. Aliwakumbusha wazazi kwamba roho ya mtoto ina thamani kuliko shamba na pesa, na kwamba wazazi wanapaswa kuwapa watoto wao mfano mzuri.

Mkate kwenye barafu

Kuanzia miaka ya 1540 Menno alizunguka. Alikuwa Friesland ya Mashariki, ambako mwezi wa kwanza mwaka wa 1544 alijadiliana siku kadhaa na mchungaji mkubwa Jan Łaski katika mji wa Emden. Hawakupatana, lakini aliachwa aende kwa amani. Karibu na wakati huo, katika amri za serikali ya pale, jina la watu wa Menno lilianza kuonekana. Serikali ilitaka kutofautisha watu hawa wa amani na wale wenye jeuri. Baadaye alikuwa karibu na Köln, kisha pwani ya Bahari ya Baltiki.

Mwishoni mwa mwaka wa 1553 alikuwa anajificha katika mji wa Wismar. Merikebu moja ilikwama kwenye barafu karibu na mji huo. Ndani mlikuwa Waprotestanti waliokimbia London baada ya malkia Mary kuanza kutawala Uingereza. Wadenmark walikuwa wamewafukuza, na wenyeji wa Wismar hawakuharakisha kuwasaidia. Waliotembea juu ya barafu na mikate ni watu wa Menno, nao pia wakimbizi. Kwa kufanya hivyo walijionyesha, na walijua hatari yake.

Mambo hayakuisha vizuri. Viongozi wa wakimbizi walianza kubishana na Menno juu ya mafundisho, na mabishano yakawa makali. Siri ya kukaa kwake ikajulikana. Mwaka wa 1554 wakubwa wa Wismar waliwafukuza Wamennonite.

Jeraha la ndani

Maisha ya Menno hayakuwa bila kosa, na vitabu vya Wamennonite wenyewe havifichi jambo hilo. Kosa lililomuumiza zaidi lilihusu nidhamu ya kanisa. Mtu aliyetengwa kwa sababu ya dhambi, je, jamaa yake imepaswa kumkwepa? Na kama ni mume, mke wake aache kula na kulala naye?

Katika Emden, mwanamke mmoja aliyeitwa Swaen Rutgers alikataa kumkwepa mume wake aliyetengwa. Menno kwanza aliandika kuomba huruma. Alisema hajawahi kukubali ukali wa namna hiyo. Lakini wazee wengine, na hasa Leenaert Bouwens, walishikilia. Mwaka wa 1557 Menno alisimama upande wao. Kanisa lilipasuka, na jamaa nyingi zikapasuka nalo. Katika miaka yake ya mwisho jambo hilo lilimkosesha usingizi. Mtu aliyekimbia upanga miaka mingi aliona watu wake wanaumizana bila upanga.

Nyumba ya mwisho

Baada ya Wismar, mtu mmoja mwenye shamba kubwa aliwafungulia mlango. Ni Bartholomäus von Ahlefeldt, bwana wa Fresenburg, karibu na mji wa Oldesloe. Inasimuliwa kwamba alikuwa askari Uholanzi, akaona kwa macho yake namna Waanabaptisti walivyouawa bila kosa. Aliwapa kijiji cha Wüstenfelde, na alipoombwa awafukuze, alikataa.

Hapo Menno alipata kitu ambacho hakuwa nacho tangu mwaka wa 1536: nyumba isiyohitaji kukimbiwa, na mashine ya kuchapa. Alisahihisha vitabu vyake vya zamani na kuvichapisha upya. Ilikuwa kazi yake ya mwisho. Alikufa siku moja baada ya kutimiza miaka 25 tangu alipoacha upadri.

Kijiji kile kiliharibiwa katika Vita vya Miaka 30, na kaburi halijulikani tena. Huko Oldesloe imebaki nyumba ndogo ya zamani na mti mkubwa, ambavyo watu wanaviunganisha na jina lake. Huko Witmarsum, Wamennonite walisimamisha nguzo ya ukumbusho mwaka wa 1879.

Toka Friesland mpaka Kasai

Mwaka mmoja baada ya kifo chake, mwaka wa 1562, barua na nyimbo za waliouawa zilikusanywa katika kitabu kidogo kilichoweza kuingia mfukoni. Mwaka wa 1660, mchungaji Thieleman van Braght wa Dordrecht alipanua kazi hiyo kuwa kitabu kikubwa kinachojulikana kama Kioo cha Wafia Imani. Alikuwa na hofu moja. Wamennonite wa Uholanzi walikuwa wametajirika, hawateswi tena, na watoto wao walianza kusahau. Toleo la mwaka wa 1685 lilipata picha 104 za msanii Jan Luyken, hata watoto wasiojua kusoma wakaweza kufuata. Picha inayojulikana zaidi ni ya Dirk Willems, aliyekimbia juu ya barafu mwaka wa 1569, kisha akarudi kumwokoa aliyekuwa anamfuata alipozama. Dirk alikamatwa na kuchomwa moto.

Kitabu hicho kilivuka bahari. Mwaka wa 1748, huko Ephrata, Pennsylvania, kilianza kutoka kwa Kijerumani, nakala 1.300, kazi ya wanaume 15 kwa miaka 3. Mpaka leo katika jamaa nyingi za Wamennonite na Waamish kinatolewa zawadi kwa wanaooana. Maandiko ya Menno nayo yalikusanywa Amsterdam mwaka wa 1681, na kwa Kiingereza mwaka wa 1956.

Afrika nayo ina sehemu yake. Mwaka wa 1912 wamisionari Wamennonite walifungua vituo vya kwanza katika Kasai, huko Djoko Punda na Kalamba. Mwaka wa 1934 wengine walifika Shirati, Tanzania, ambako imani hiyo ilianza kusemwa kwa Kiswahili. Leo Congo ni moja ya inchi zenye Wamennonite wengi zaidi duniani, na Communauté Mennonite au Congo ina makao yake Tshikapa.

Wakati wa kusherehekea miaka 100, mwaka wa 2012, Wamennonite wa Congo walifanya kama walivyofanya watu wa Friesland. Walikusanya hadithi za maisha ya wazee wao, wanaume kwa wanawake, zikawekwa katika kitabu. Ndani yake hamna wafalme. Mna wakatekista, wauguzi, akina mama, na watu waliopita katika vita na kubaki na imani.

Katika Kasai, kama katika Kivu na Ituri, jamaa nyingi zimekimbia usiku na kuacha vyote nyuma: nyumba, mbuzi, diploma. Menno na Geertruydt waliishi hivyo, wakiwa na watoto mikononi. Waliobaki nyuma yao hawakurithi shamba wala nyumba. Walirithi maneno yaliyoandikwa kwa luga yao, ambayo yalisomwa mezani mpaka watoto wakayajua.